Wasiwasi wa kuhamia jiji jipya: mwongozo kamili wa wiki sita za kwanza

Malalamiko ninayoyasikia ni yaleyale. Mtu amehama, amesoma kila ushauri, amevuta pumzi ndefu, ameambiwa ajichanganye na watu, lakini wiki ya tatu inakatika na moyo bado unamwenda mbio kila anaposhika kitasa cha mlango. Ukimdadisi anavyopitisha siku zake, majibu hayatofautiani: anatoka kazini au chuoni moja kwa moja hadi chumbani, anafunga mlango, anazungumza na wa nyumbani hadi usiku, na anajiambia kwamba hofu ikishapungua ndipo ataanza kulijua jiji.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Hofu ya mahali pageni haiishi kwa kungojwa. Hupungua baada ya mwili kupita mahali palepale mara nyingi na kuona hakuna baya lililotokea. Kwa hiyo mwongozo huu una mpangilio wake: kwanza usingizi, kisha mwili, kisha njia, kisha watu. Tafadhali usiuruke. Anayeanza na watu wakati hajalala vizuri siku tano hushindwa, halafu hujilaumu bure.

## Mahitaji

Viweke tayari kabla ya kuanza hatua ya kwanza.

- Daftari dogo na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii, kwa sababu ukiifungua kuandika wasiwasi utajikuta unasoma habari.
- Karatasi yenye namba nne za simu kwa mwandiko wako: namba ya dharura ya nchi uliyopo, kituo cha afya kilicho karibu, mtu mmoja wa nyumbani, na mtu mmoja wa hukohuko, hata kama ni mwenye nyumba tu au mwenzako wa kazini. Wakati wa hofu kali vidole hutetemeka na betri huisha, karatasi haikuangushi.
- Vitu viwili au vitatu ulivyovizoea: shuka yako, mto wako, taa yako ya kusomea. Foronya usiifue kabla ya kuhama. Harufu uliyoizoea husaidia kulala.
- Dawa zako za kila siku za kutosha mwezi mzima, pamoja na nakala ya cheti cha daktari, kama unazo unazotumia.
- Dakika arobaini kwa siku kwa wiki sita. Hiki ndicho kitu watu hukosa zaidi, na bila hicho hayo mengine hayana kazi.

Onyo: Kama unatumia dawa za wasiwasi au za usingizi, usiziache ghafla kwa sababu ya pilikapilika za kuhama. Baadhi yake zikikatwa ghafla huleta hofu kali kuliko ile ya mwanzo, hata degedege. Zungumza na daktari wako kabla hujafunga mizigo.

## Jua unachopambana nacho

Mwili ukiwa mahali usipopajua hujiweka tayari kwa hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hupiga haraka, misuli hukaza, tumbo huvurugika, viganja hutoka jasho. Hizo si dalili kwamba umefanya uamuzi mbaya wa kuhama. Ni mashine ya ulinzi inayofanya kazi kwa bidii kupita kiasi, kwa kuwa bado haijapata taarifa za kutosha kuhusu mahali ulipo.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hufasiri mapigo ya moyo kuwa ishara: “Roho yangu imekataa, hapa si mahali pangu.” Wengine wamerudi nyumbani siku ya kumi kwa fasiri hiyo. Katika wiki sita za kwanza usiupe mwili kazi ya kuamua kama uendelee kukaa. Uamuzi huo utaufanya baadaye, ukiwa umelala na umekula.

Onyo: Maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkono au taya, kuzimia, au kupumua kwa shida hata ukiwa umetulia si mambo ya kuyaita wasiwasi kwa kukisia. Nenda hospitali upimwe kwanza.

## Hatua ya 1: Tandika kitanda kabla ya kufungua sanduku lolote

Siku ya kufika una nguvu kidogo tu. Zitumie chumbani. Tandika kitanda kwa shuka zako, weka taa unapoweza kuifikia ukiwa umelala, funika dirisha linalopitisha mwanga, jaribu kufuli la mlango mara mbili ili usiku usiamke kulikagua. Vyombo na vitabu vitangoja.

Sababu yake ni hii. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walipima ubongo wa watu waliolala mahali pageni, wakakuta kwamba usiku wa kwanza upande wa kushoto wa ubongo hulala usingizi mwepesi zaidi na hushtuka upesi kwa sauti ngeni, kana kwamba umeachwa lindoni. Usiku uliofuata wa majaribio, tofauti hiyo haikuonekana tena. Kwa hiyo ukikesha usiku wa kwanza, hilo ni jambo la kawaida ya mwili. Usilihesabu kama kushindwa.

Kabla ya kuzima taa, kaa kimya dakika chache ukisikiliza nyumba. Kila sauti ipe jina kwa kunong'ona: hiyo ni injini ya friji, hayo ni maji kwenye bomba la jirani, hicho ni kigingi cha dirisha kinachotikiswa na upepo, hayo ni magari. Saa nane usiku utakaposikia mlio uleule, utakuwa na jina lake tayari, na hutalazimika kuinuka kitandani kuutafuta.

Kisha andika kwenye daftari mambo ya kufanya kesho, moja moja, bila kufupisha. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Baylor lililochapishwa mwaka 2018, watu walioandika kwa dakika tano kazi zinazowangoja walipata usingizi wastani wa kama dakika tisa mapema kuliko walioandika kazi walizokwisha kumaliza. Dakika tisa si nyingi kuzitaja, ila aliyekodoa macho gizani anajua thamani yake.

Kafeini iache kuanzia mchana. Nusu ya uliyoinywa huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, na mapigo ya moyo inayoyaleta hayatofautiki na yale ya hofu. Pombe nayo haisaidii: huleta usingizi wa haraka, halafu hukuamsha katikati ya usiku ukiwa na wasiwasi maradufu.

Utajua umefaulu: ndani ya wiki ya kwanza unaanza kulala kwa mfululizo wa saa tano au sita bila kushtuka. Saa saba zitakuja. Usiendelee na hatua ya 4 kabla ya hapo, lakini ya 2 na ya 3 anza mara moja.

## Hatua ya 2: Fundisha pumzi ukiwa umetulia

Ninaposikia mtu akisema kwamba kuvuta pumzi kumeshindwa kumsaidia, huwa namuuliza maswali mawili. La kwanza: ulifanya lini? Karibu wote hujibu kwamba walifanya hofu ilipokwisha kupanda. La pili: ulivuta vipi? Hujibu kwamba walivuta kwa nguvu, nyingi, haraka.

Yote mawili yanaharibu. Kuvuta hewa nyingi kwa haraka hupunguza kabonidioksaidi katika damu, na matokeo yake ni kizunguzungu, ganzi vidoleni na hisia ya kukosa hewa. Kwa maneno mengine, umejiongezea dalili zilezile ulizokuwa unazikimbia.

Fanya hivi badala yake:

1. Keti ukiwa huna hofu yoyote, asubuhi na jioni. Weka kiganja juu ya kitovu.
2. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne kwa mwendo wa kawaida. Kiganja kiinuke, mabega yatulie.
3. Toa hewa kwa mdomo uliobanwa kidogo ukihesabu hadi sita au saba.
4. Rudia kwa dakika tano. Basi.

Siri iko kwenye kutoa, kwa sababu moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa hewa, kupitia mshipa wa fahamu uitwao vagasi. Ukirefusha kutoa, unarefusha muda wa moyo kupoa. Lakini mwili haukubali kufundishwa jambo jipya katikati ya taharuki. Baada ya wiki mbili za mazoezi ya utulivu, pumzi hiyo itakujia yenyewe ukiwa umesimama kwenye basi lililojaa.

### Hofu ikilipuka kabla hujazoea

Shambulio la hofu hufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi zisizozidi kumi, kisha huanza kushuka hata usipofanya chochote. Kwa hiyo usikimbie. Sogea pembeni, egemea ukuta, weka nyayo zote mbili chini, taja kwa sauti ndogo vitu vitano unavyoviona. Kisha ngoja. Ukikimbia wakati hofu iko juu, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na kesho hofu itakuja mapema zaidi mahali palepale.

Utajua umefaulu: si kwamba hofu haiji tena, bali ikija unajua la kufanya na dakika zako za kurudi katika hali ya kawaida zinazidi kupungua.

## Hatua ya 3: Upe wasiwasi saa yake

Wasiwasi wa aliyehama ni wa aina mbili, na kuuchanganya ndiko kunakomaliza nguvu. Upo wenye kazi: kodi inalipwa lini, kituo cha afya kiko wapi, nani ataandikisha mtoto shule. Upo usio na kazi: je, nikifa hapa nani atajua? Je, kama watu wa huku hawatanipenda kamwe?

Chagua nusu saa moja ya jioni, isiwe karibu na kulala, na isiwe kitandani. Mchana wasiwasi ukija, andika neno mbili tatu kwenye daftari na uuahirishe hadi saa hiyo. Thomas Borkovec na wenzake walijaribu utaratibu wa namna hii mwaka 1983, nusu saa kwa siku kwa muda wa wiki nne, na walioufuata walipunguza muda wa siku waliokuwa wakiutumia katika wasiwasi.

Saa ikifika, gawa ukurasa kwa mstari katikati. Ukurasa mmoja unaweza kuonekana hivi:

*Upande wa kushoto:* Sijui basi la mwisho linapita saa ngapi. *Upande wa kulia:* Kesho saa mbili asubuhi nitamuuliza mlinzi wa jengo.

*Kushoto:* Jana nilimsalimia jirani hakuitika. *Kulia:* Alikuwa na simu sikioni. Nitamsalimia tena Ijumaa.

*Kushoto:* Nimemwacha mama peke yake. *Kulia:* (patupu)

Mstari wa tatu hauna la kuandika upande wa kulia, na usilazimishe. Baki nao dakika kadhaa, uusikitikie kama unavyostahili, kisha saa ikiisha funga daftari. Huzuni ya kuwaacha watu si kasoro ya kurekebishwa. Ni haki yake ipate nafasi, ilimradi isitawale kutwa nzima.

Onyo: Ukigundua kwamba nusu saa inageuka saa mbili, hamishia zoezi hili mahali utakapolazimika kuondoka: benchi la nje, maktaba inayokaribia kufungwa.

## Hatua ya 4: Jichoree duara la dakika kumi na tano

Sasa tutoke nje. Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko zote, na ndipo simu inapowaangusha watu.

Ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo hipokampasi, kuna seli zinazowaka unapokuwa mahali fulani mahsusi. John O'Keefe alizigundua kwa panya mwaka 1971, na mwaka 2014 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser kwa kazi ya kueleza jinsi ubongo unavyojua ulipo. Ramani hiyo ya ndani hujengwa kwa mwendo wako mwenyewe: kugeuka, kukosea, kurudi. Sauti ya simu inayokuambia “geuka kushoto” itakufikisha, lakini unaweza kupita njia hiyo mwezi mzima na usiweze kuieleza. Asiyeweza kueleza njia ya kurudi kwake hawezi kutulia.

Kwa hiyo:

1. Toa ramani ya eneo lako kwenye karatasi, au ichore mwenyewe. Weka nukta pale unapoishi. Zungushia duara la umbali unaoweza kutembea kwa dakika kumi na tano. Wiki mbili za kwanza, hilo ndilo jiji lako. Sehemu nyingine zote zipo, ila hazikuhusu bado.
2. Siku ya kwanza toka mchana, tembea dakika saba kwenda upande mmoja, geuka, rudi kwa njia ileile. Simu iwe mfukoni, imezimwa sauti.
3. Kila kwenye kona, geuka nyuma utazame ulikotoka kabla ya kuendelea. Njia ya kwenda na njia ya kurudi hazifanani kwa macho, na wanaopotea hupotea wakati wa kurudi kwa sababu hawakuwahi kuiona kona kwa upande ule.
4. Chagua alama zisizohama: mnara, mti mkubwa, ukuta uliopakwa rangi ya peke yake, paa lenye umbo la ajabu. Gari lililoegeshwa na bango la matangazo si alama.
5. Ukifika, chora ulichokiona kwa kumbukumbu. Mchoro ukiwa mbaya si neno; sehemu zilizobaki nyeupe ndizo za kwenda kesho.
6. Siku inayofuata, upande mwingine. Pande zote nne zikiisha, anza kuziunganisha.

Tembea njia moja mara tatu kabla ya kuongeza nyingine. Najua inachosha, hasa kwa wanaopenda kuona mengi kwa haraka. Lakini anayeona mitaa ishirini mara moja moja huishia kuijua vibaya yote, na mwili wake unabaki mgeni kila anapokanyaga.

Onyo: Uliza wenyeji maeneo na saa za kuepuka. Si kila tahadhari ni wasiwasi. Swali zuri ni hili: “Wewe mwenyewe hapa unapita saa ngapi, na saa ngapi hupiti?” Mtu hujibu kwa ukweli zaidi akiulizwa anachofanya yeye kuliko akiulizwa kama mahali ni salama.

Utajua umefaulu: mpita njia anakuuliza njia, na unaweza kumwelekeza bila kutoa simu. Kwa wengi hutokea kati ya wiki ya pili na ya tatu, na ni siku ya furaha.

## Hatua ya 5: Panda ngazi ya hofu, kidato kwa kidato

Duara likishakuwa lako, toka nje yake kwa mpango. Andika mambo manane unayoyakwepa jijini, kila moja ulipe alama ya hofu kutoka 0 hadi 10, kisha uyapange kuanzia dogo. Mfano:

- Kusimama mlangoni pa jengo dakika tano nikitazama watu: 2
- Kununua kitu kimoja dukani na kumwambia muuzaji neno zaidi ya bei: 3
- Kumuuliza mtu nisiyemjua njia: 4
- Kupanda basi vituo viwili na kurudi kwa miguu: 5
- Kupanda basi hadi mwisho wa njia, mchana: 6
- Kula peke yangu mahali penye watu: 7
- Kwenda katikati ya jiji saa ya msongamano: 8
- Kuingia kwenye kikundi nisichomjua mtu hata mmoja: 9

Ya kwako itakuwa tofauti. Kuna anayepanda mabasi bila shida lakini hawezi kabisa kupokea simu kutoka namba asiyoijua.

Anza na kidato cha chini. Andika alama ya hofu kabla ya kuanza, kisha andika unachoogopa kitatokea, kwa maneno kamili: “Nitauliza njia, atanicheka, watu watageuka kunitazama.” Fanya. Baki hapo mpaka alama ishuke walau hadi nusu. Ukirudi, andika kilichotokea kweli. Sentensi hizo mbili zikiwa zimekaa pamoja kwenye ukurasa mmoja hufundisha kuliko faraja yoyote utakayopewa na rafiki.

Rudia kidato hichohicho siku tofauti hadi alama ya mwanzo iwe 2 au 3. Ndipo upande.

### Wanapokwama wengi

Wanapanda huku wameshika mkongojo. Mkongojo ni kile kitu kidogo kinachokufanya uwe pale bila kuwa pale: spika za masikioni muda wote, simu na dada yako tangu unapotoka hadi unaporudi, kukaa kila mara kiti kilicho karibu na mlango. Hofu haishuki kwa sababu ubongo unatoa sifa kwa mkongojo: “Nimenusurika kwa kuwa nilikuwa naongea na dada.” Ondoa mmoja baada ya mwingine, nao uwe kidato chake katika ngazi.

Wengine huruka vidato. Wamefanya cha 3 vizuri, kesho wanaenda cha 9, wanaungua, wanaacha kila kitu kwa siku kumi. Ikikutokea, rudi kidato kimoja chini ya ulichofaulu mwisho, usianze upya.

Utajua umefaulu: umefika nusu ya ngazi kufikia wiki ya nne. Kumaliza yote si lazima.

## Hatua ya 6: Kuwa sura inayozoeleka

Ushauri wa “jichanganye” siupendi, kwa sababu haumwambii mtu aanzie wapi, na mwenye wasiwasi huusikia kama amri ya kuwa mcheshi. Huna haja ya kuwa mcheshi. Una haja ya kuonekana tena na tena.

Mwaka 1992 Richard Moreland na Scott Beach waliwatuma wanawake wanne kuhudhuria somo chuoni, mmoja bila kufika kabisa, wengine mara tano, kumi na kumi na tano, bila kuzungumza na mwanafunzi yeyote. Mwishoni wanafunzi walionyeshwa picha za wanawake hao. Aliyefika mara nyingi zaidi ndiye aliyependwa zaidi, ilhali hakuwa amesema neno.

Basi chagua mahali patatu ndani ya duara lako: pamoja pa kununulia mahitaji, pamoja pa kukaa, pamoja penye shughuli inayorudi kila wiki, kama kwaya, darasa la lugha, mazoezi, nyumba ya ibada au kazi ya kujitolea. Nenda siku zilezile, saa zilezile, ukae eneo lilelile. Wiki ya kwanza salimia tu. Ya pili, jina. Ya tatu, swali moja linalohusu mahali penyewe.

Hapo penye shughuli, omba jukumu mapema: kupanga viti, kugawa karatasi, kuweka orodha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mwenye wasiwasi hufaidika na jembe kuliko mtu mwingine yeyote. Mikono ikiwa na kazi, macho hayakodolei uso wa mtu, na mazungumzo huja yenyewe kupitia kazi.

Usidharau salamu ndogo. Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walionyesha mwaka 2014 kwamba siku ambazo watu wamezungumza zaidi na wale wanaofahamiana nao kidogo tu, hujisikia vizuri zaidi na kuona wana mahali pao. Muuzaji anayekukumbuka na mlinzi anayekuitikia ni sehemu ya tiba.

Kuhusu marafiki wa kweli, uwe na hesabu ya haki. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti wa mwaka 2018 uliohusisha pia watu waliokuwa wamehama karibuni, alikadiria kwamba kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja, urafiki kamili kama saa 90, na wa karibu zaidi ya 200. Mkionana saa mbili kwa wiki, saa 50 ni nusu mwaka. Anayejiona amekataliwa katika wiki ya tano hajakataliwa na mtu. Saa zake bado hazijafika. Ukitaka kufupisha safari, ongeza saa na mtu mmoja au wawili badala ya kukusanya namba za watu thelathini.

## Hatua ya 7: Panga simu za nyumbani

Usizikate. Zipange: siku na saa maalumu, mara tatu au nne kwa wiki, na kabla ya kupiga uwe umeshatoka nje siku hiyo. Hivyo utakuwa na la kusimulia zaidi ya kilio.

Waombe wa nyumbani jambo moja kwa uwazi. Waambie: “Nikisema nataka kurudi, msiniambie rudi wala kaa. Niulizeni leo nimekwenda wapi.” Mama au kaka anayekupenda atakuambia urudi kwa sababu naye anaumia kukusikia, na neno lake katika usiku mbaya lina uzito kuliko wiki nzima ya juhudi zako.

Safari ya kwanza ya kurudi kusalimia iwekee tarehe, ikiwezekana baada ya wiki ya sita. Kuijua tarehe kunapunguza hisia ya kufungiwa. Kwenda kila mwisho wa wiki kunakurudisha siku ya kwanza kila Jumatatu.

## Hatua ya 8: Pima, na ujue lini uombe msaada

Kila Jumapili jioni andika alama tatu kutoka 0 hadi 10: hofu ya wiki, ubora wa usingizi, na mara ulizokwepa jambo kwa sababu ya hofu. Usitazame siku moja moja. Zinapanda na kushuka. Tazama wiki ya kwanza kando ya ya nne. Wiki ya tatu mara nyingi huwa mbaya kuliko ya pili, kwa kuwa shamrashamra za kufika zimekwisha na upweke umepata nafasi. Ukiijua mapema haitakuvunja moyo.

Tafuta daktari, mwanasaikolojia au mshauri nasaha bila kungoja wiki sita ziishe endapo:

- unashindwa kwenda kazini, shuleni au kununua chakula kwa sababu ya hofu;
- unalala chini ya saa nne kwa zaidi ya wiki mbili;
- unahitaji pombe au dawa usizoandikiwa ili utoke nje au ulale;
- furaha ya kila kitu imeondoka, hata ya mambo uliyoyapenda.

Wataalamu wanalo jina la hali ambapo mtu anashindwa kumudu badiliko la maisha kupita kiasi, dalili zikianza ndani ya miezi mitatu ya badiliko hilo. Inatibika, na tiba ya mazungumzo inayoshughulikia mawazo na matendo hutumia njia za jamii ileile ya hatua ya 3 na ya 5, ila ukiwa na mtu anayekuona unapojidanganya.

Onyo kubwa: Mawazo ya kujidhuru au ya kutamani usiamke yakija, hayahitaji hatua wala daftari. Piga namba ya dharura iliyo kwenye karatasi yako au nenda hospitali sasa hivi, na umpigie mtu mmoja akae nawe kwenye simu hadi ufike.

Siku ya kumwona mtaalamu chukua daftari lako. Watu wengi wakifika mbele yake husema “nina mawazo tu” na kunyamaza, na dakika zao zinakwisha. Fungua ukurasa wa alama, kisha sema mambo manne: nilihama tarehe fulani, dalili zilianza tarehe fulani, ninashindwa kufanya hiki na hiki, na nimejaribu hatua hizi kwa wiki kadhaa. Kama huwezi kuyatamka, mpe daftari asome mwenyewe.